Mita Tisa za Nyasi

Barabara ilikata kona kwenda kulia, sisi tukaenda moja kwa moja.

Dereva alikuwa amelala. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mlio wa lami chini yetu ulikoma, ukaja mlio mwingine, laini, kama mtu anayepasua kitambaa kirefu, na kioo cha mbele kikajaa nyasi. Kitu cheupe kikapita upande wangu, karibu kiasi cha kukipiga kofi. Kisha gari likapunguza mwendo, likatumbukia kwenye mtaro usio na kina, chuma kikavunjika mahali fulani chini ya miguu yetu, tukasimama. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nyuma tulikuwa na madawati ishirini ya shule, na hakuna hata moja lililoanguka.

"Tumekufa?" dereva aliuliza.

"Bado."

Kabla hatujafungua milango, mtu mmoja alikuwa anakuja kupitia nyasi. Hakukimbia. Alikuwa akisukuma mbele yake gurudumu dogo lililofungwa kwenye fimbo, nalo likilia tik kila lilipomaliza mita moja. Alianza pale matairi yetu yalipoiacha lami, akafuata alama zetu mpaka kwenye mlango wangu, akainama kusoma namba.

"Thelathini na moja kwa urefu," alisema. "Kwa upana, saba na nusu kutoka kwenye lami. Mmeumia?"

"Mzee, unatupima sanda?" dereva alisema.

"Sanda hupimiwa mtu aliyekutana na kitu. Ninyi hamjakutana na kitu." Akaandika kwenye daftari. Kisha akageuka, akarudi na gurudumu lake hadi kwenye kile kitu cheupe, na nilipotoka nje nikakiona vizuri: mnara wa zege, unafika kifuani, umepakwa chokaa, una jina la mtu na tarehe mbili. Alipima kutoka alama ya tairi letu hadi kwenye mnara. Alisimama pale muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

"Mita moja na robo," alisema aliporudi. Hiyo hakuiandika.

Watu walimwita Mita, na siku zote nilizokaa pale sikusikia jina lake lingine. Alikuwa msimamizi wa kipande cha barabara cha kilomita kumi na nane, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa kilichofifia mpaka kikafanana na chai ya maziwa. Alitupeleka kambini kwake. Kambi ya barabara ilikuwa nyumba nne za matofali kwenye mstari mmoja, tatu zimefungwa kwa kufuli zenye kutu, kwa sababu vibarua wote walikuwa wamepunguzwa akabaki yeye. Fundi alikuja, akalala chini ya gari, akatoka na habari: springi imekatika na rejeta imetoboka, na vipuri vyote viwili lazima vifuatwe mjini. Siku nne, labda tano.

"Mgeni atalala nyumba ya pili," Mita alisema. "Ufunguo ninao."

Nyumba yake niliiona siku hiyo hiyo, nilipokwenda kuomba maji. Kitanda, kiti kimoja, kikombe kimoja. Kwenye rafu kulikuwa na madaftari yaliyopangwa kwa miaka. Ukutani kulikuwa na fremu ya kioo iliyotundikwa kinyume, mgongo mbele, uso ukutani. Alikuwa amefunga mizigo: sanduku moja na magunia mawili ya zana.

"Unahama?"

"Jumamosi. Lori la idara linakuja saa sita. Wananipeleka kipande kingine, safari ya siku mbili. Hiki wanampa mkandarasi." Alinipa maji katika kikombe kile kimoja, akasubiri nimalize ndipo naye anywe. "Mkandarasi anafyeka nyasi tu. Kisichofyekwa hakimhusu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mchana tulivuka barabara kwenda kula. Kibanda cha chai kilikuwa mkabala na kambi: benchi tatu, jiko la mkaa, sufuria mbili, na mwanamke mwenye koti la kiume alilolikunja mikono mara tatu ili viganja vitokee. Mita alikaa benchi la mwisho. Mimi, kwa kutojua, nikakaa kando yake, na dereva akakaa mbele yetu.

"Mgeni," yule mwanamke aliniambia, huku akimtazama Mita usoni, "mwambie huyo mtu wa barabara kama anataka maharage au mboga."

Nilimgeukia Mita. Magoti yetu yalikuwa yanagusana. Alikuwa amesikia, na mpita njia upande wa pili wa barabara alikuwa amesikia.

"Mwambie dada, maharage."

"Maharage," nikasema.

"Mwambie yamebaki ya chini ya sufuria."

"Mwambie ya chini ndiyo ninayoyapenda. Anajua."

"Mwambie mimi sijui kitu." Akapakua. Nikaona amekwangua sufuria mpaka chini kabisa, na sahani ya Mita ikawa imejaa kuliko zetu.

Fundi wa baiskeli aliyekuwa benchi la kwanza alicheka. "Miaka sita hiyo, mgeni. Anayekaa hapo ndiye mjumbe. Mimi nilihama, kila siku chakula changu kilikuwa kinapoa."

Nimewahi kujipatia riziki kwa kazi ya ukalimani, katika nchi ambazo watu hawakuelewana hata neno la maji. Hapo nilikuwa nafasiri baina ya watu wawili waliozaliwa tumbo moja.

Ndipo dereva wangu akaharibu mambo. Hakukusudia. Alikuwa kijana mwenye mtoto mchanga nyumbani, na tangu asubuhi alikuwa akihesabu vidole vyake kana kwamba amerudishiwa. Aliweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kibanda kizima:

"Jamani, yule marehemu wa pale kwenye kona ni nani? Maana ametuokoa. Nilimwona kwa macho yangu. Gari lilikuwa linakwenda kwake, akalisukuma pembeni. Hivi! Kama mtu anavyomsukuma ng'ombe."

Mwanamke yule alifuta mikono kwenye koti polepole.

"Ni mume wangu," alisema.

"Basi mama, nakushukuru wewe kwa niaba yake."

Alimwongezea dereva chai bila kuulizwa, akamkatia mkate mnene. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilifikiri, huyu alikuwa mwanamke wa kucheka zamani. Kando yangu Mita aliisukuma sahani yake. Ilikuwa mara ya kwanza, fundi wa baiskeli aliniambia baadaye, kuyaacha maharage ya dada yake.

Dereva alipanda lori la mizigo jioni kwenda kufuata vipuri. Mimi nilibaki, na kwa kuwa sina subira ya kukaa chumbani, asubuhi ya Jumatano nilimfuata Mita kazini.

Tulitembea kilomita kumi na moja. Nimeona watu wa barabara katika miji mingi, na karibu wote niliwaona wamesimama, wameegemea sepetu. Huyu hakusimama ila kwa sababu. Alinionyesha vitu ambavyo macho yangu yamepita juu yake maisha yote. Alinionyesha nguzo za alama, zile za mbao, jinsi alivyozitoboa matundu mawili karibu na ardhi, tundu juu ya tundu, ili gari likizigonga zivunjike kama muwa. Alinionyesha vyuma vya kingo kwenye daraja, ambavyo ncha zake zilikuwa zimeelekea magari kama mikuki, naye akazikunja na kuzizika kwenye tuta la udongo. Alinionyesha mahali palipokuwa na visiki, sasa ni nyasi tu. Kutoka ukingo wa lami alikuwa akisukuma gurudumu lake kwenda nje, tik, tik, mpaka tisa, halafu anageuka.

"Kwa nini tisa?"

"Gari likitoka barabarani, dereva mwenye macho hulirudisha au hulisimamisha ndani ya mita tisa. Si wote. Wengi. Basi hizo tisa ni zake. Humo pasiwe na kitu cha kumwua."

"Na dereva aliyelala?"

"Hata aliyelala. Aliyelala amekosa, sawa. Aliyelewa amekosa zaidi. Lakini adhabu ya kusinzia isiwe kisiki." Lori lilipita, likatupulizia vumbi. Nyuma yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: AJALI HAINA KINGA. Mita alilitemea mate, si kwa hasira, bali kama mtu anayetimiza desturi yake. "Kila siku nayasoma hayo. Haina kinga, sawa. Lakini kisiki kina shoka."

Watu tuliokutana nao walimsalimu kwa mizaha. Mwanamke aliyebeba kuni alimwuliza kama mita zake zimeota. Mwendesha pikipiki alipaza sauti: "Mita! Ukipewa mke mwingine utampima kwanza!" Alijibu yote kwa kuinua mkono. Mke alikuwa naye zamani. Alirudi kwao, kwa sababu ambazo hakunipa. Katika saa tano za kutembea hakuna mtu aliyesimama naye.

Kwenye kona yetu alikaa chini, mahali ambapo angeweza kuuona mnara bila kuuangalia, akanieleza.

Miaka sita iliyopita kulikuwa na mkubwa mmoja wa idara aliyetarajiwa kupita. Kila msimamizi alijua la kufanya mkubwa anapopita: unafyeka, unafagia, na pale penye kona unapanga mawe makubwa ukingoni, unayapaka chokaa. Yanang'aa. Yanaonyesha kwamba kipande hiki kina mwenyewe. Mita aliyaviringisha mawe kumi na mawili kutoka kwenye mto, kila moja ukubwa wa sufuria ya harusi, akayapanga mwenyewe kwa kamba ili yanyooke. Mkubwa alipita bila kusimama, lakini aliyaona. Baada ya mwezi ikaja fremu yenye cheti: kipande safi kuliko vyote.

"Nilikuwa niyatoe akishapita," alisema. "Ndivyo nilivyopanga. Cheti kilipokuja nikasema, aa, acha yakae."

Shemeji yake alikuwa akirudi nyumbani mchana na gari lake dogo la mizigo, la bluu. Mbuzi walivuka. Alikwepa, akatoka kwenye lami, akaingia kwenye nyasi upande huu, na kama kungekuwa na nyasi tu angefika nyumbani na hadithi ya mbuzi. Alikutana na jiwe la saba.

"Kumi na moja niliyavunja kokoto kwa mkono wangu, wiki ile ile. Yako chini ya kalavati uliyoipita leo. La saba sikulipata. Nilirudi baada ya msiba, halikuwepo. Labda lilitumbukia mtoni." Alikuwa akichuma nyasi na kuzipanga juu ya goti. "Halafu dada akajenga huo mnara. Mita mbili na nusu kutoka kwenye lami. Niliandika idarani, wakanipa barua ya ruhusa ya kuuondoa. Ninayo mfukoni miaka minne."

"Kwa nini hujauondoa?"

"Kwa barua?" Alinitazama kama mtu niliyemwuliza kwa nini hajamvua mtu nguo barabarani. "Lazima yeye aseme. Nikiubomoa bila neno lake, nimemwua shemeji mara mbili. Nikiondoka nikauacha, kuna mtu atakuja pale na usingizi wake, kama mwenzio, lakini bila mita moja na robo. Siku tatu zimebaki. Na sasa mwenzio amemwambia kwamba mnara unaokoa watu."

Alhamisi nilikwenda kibandani mapema, kabla ya wateja, nikakaa na yule mwanamke kuchambua maharage. Nilikuwa sina cha kufanya, na mikono iliyo kazini hufungua mdomo wa mwenzie. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyeanza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Amekueleza habari za mawe."

"Amenieleza."

"Humweleza kila mgeni. Amekueleza alichofanya msibani?"

"Hapana."

"Watu walijaa pale nyumbani. Kila aliyekuja aliniambia, pole mama, ajali haina kinga. Mia walisema. Nikawa nimeanza kulala, mgeni. Nikasema basi, ni siku yake, hata angekuwa kitandani. Siku ya tatu kaka yangu akasimama mbele ya watu wote akasema: ni jiwe langu, mimi ndiye niliyeliweka." Akatupa punje mbovu nje. "Alikuwa na mzigo mzito, akautua. Hakutazama anamtwika nani kichwani. Tangu hapo si siku yake tena. Ni jiwe. Nikiamka ni jiwe. Angenyamaza ningekuwa na kaka."

"Angenyamaza ungekula naye bila kujua."

"Ndiyo. Ningekula naye." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja nyumba aliyokuwa akiishi zamani. "Lakini chakula hajakosa hata siku moja. Mwambie hilo. La, usimwambie. Anajua."

Sikumwambia. Siku hiyo Mita alikuja, akakaa mahali pake, tukafanya kazi yetu ya kupokezana: mwambie chumvi, mwambie imekwisha, mwambie asante, mwambie asante haijazi sufuria. Mnara haukutajwa. Nilimwona akiingiza mkono mfukoni mara mbili, mahali penye ile barua, na mara mbili akautoa mtupu.

Ijumaa mchana kibanda kilikuwa na watu wachache, fundi wa baiskeli na wachuuzi wawili. Mita alikula mpaka akamaliza, akaifuta sahani kwa mkate. Kisha akasimama, jambo ambalo hakulifanya hapo kamwe kabla ya chai.

"Mgeni. Mwambie dada kwamba kesho saa sita naondoka."

"Kesho saa sita anaondoka," nikasema.

"Mwambie nimesikia kwa watu."

"Mwambie ule mnara nauomba. Nauomba kwake, si kwa idara." Akaitoa barua, akaiweka juu ya benchi, imekunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo. "Hiyo awashie jiko."

Nilianza kulirudia hilo, lakini mwanamke aliinua mwiko. "Mwambie hakuwa na haja ya kuomba kinachookoa watu. Kijana amesema. Mume wangu alilisukuma gari."

Mita alinigeukia. Uso wake ulikuwa wazi na umechoka. "Mgeni, mwambie wewe ulichokiona. Si maneno yangu. Yako."

Hapo sikuwa mjumbe tena, na sikupenda. Nilikuwa na chaguo la kumwachia mwanamke yule marehemu wake anayesukuma magari. Ni zawadi ndogo, na mimi ni mpita njia. Lakini nilikuwa nimekaa upande ule wa gari.

"Dereva hakuona kitu, mama," nilisema. "Alikuwa amelala. Mimi nilikuwa macho. Mnara ulipita dirishani kwangu, ningeweza kuugusa. Hakuna aliyetusukuma. Tuliukosa tu. Kilichotusimamisha ni nyasi."

Fundi wa baiskeli alitazama chini. Mwanamke aliugeuza mwiko mkononi, akauweka juu ya sufuria kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha kioo. Kisha akatoka. Alivuka barabara akaifuata mpaka kwenye kona, nasi tukamtazama tangu kibandani: alisimama kwenye alama za tairi letu, ambazo zilikuwa bado zinaonekana kwenye nyasi zilizolala, akaweka mguu mbele ya mguu, kisigino kwa kidole, kutoka kwenye alama hadi kwenye mnara. Hazikuzidi hatua tano. Akarudi akaanza tena, kana kwamba hesabu ingeongezeka. Kisha akaenda upande wa pili, kwenye lami, akahesabu na hizo.

Alirudi baada ya nusu saa. Maharage yalikuwa yameungua. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuyagusa.

"Yule kijana ana mtoto?" aliniuliza.

"Ana mmoja. Mchanga."

Akakwangua sufuria muda mrefu.

"Mwambie aje kesho asubuhi na nyundo," alisema. "Peke yake. Asije na mtu wa kumsaidia."

Mita alikuwa bado amesimama. Hakusema niseme asante.

Jumamosi kulikuwa na mawingu. Nilipofika kwenye kona, mwanamke alikuwa amekaa kwenye kreti aliloligeuza, koti limefungwa mpaka shingoni, na Mita alikuwa ameanza. Kibao chenye jina alikuwa amekwisha kukibandua kwa patasi bila kukipasua, na kilikuwa mapajani kwa dada yake. Alipiga kwa nyundo kubwa, akapumzika, akapiga. Zege lilikuwa zuri. Fundi aliyelipwa na mjane hakupunja saruji. Kwa saa nzima ilikuwa hivyo: pigo, na mwangwi wake kutoka ng'ambo, na magari yanayopunguza mwendo kutazama mzee mwenye kizibao akibomoa na mwanamke akiwa amekaa. Niliuliza mara moja kama nishike nyundo. Wote wawili walitikisa kichwa, kwa namna ile ile moja, na hapo ndipo nilipoona walivyofanana.

Karibu saa tano kipande kikubwa kilimeguka katikati, kikaanguka upande. Ndani ya zege kulikuwa na kitu cha mviringo. Mita aliinama, akapangusa kwa kiganja. Chini ya saruji kulikuwa na chokaa nyeupe, mbichi kama ya jana.

Alipiga magoti. Nyundo ilimlalia mguuni, asiione.

"Nililichukua usiku wa siku ile aliyosema msibani, kwa toroli," mwanamke alisema. Alikuwa akiongea na mimi, lakini hakusema mwambie. "Niliogopa atalivunja kama mengine. Nikataka libaki mahali ninapolijua. Nikamwambia fundi, lijengee."

Mita alilikumbatia jiwe, akalizungusha kidogo, akakuta mahali penye mkwaruzo mrefu wa rangi ya bluu. Alikitazama kidole chake baada ya kuugusa.

Hakulivunja. Alilibandua kutoka kwenye zege lililobaki, kidogo kidogo, kwa patasi, kwa uangalifu ule alioutumia kwenye kibao. Akaanza kuchimbua msingi kwa mtaimbo, na vipande vya zege akavitupa moja moja nje ya mita tisa. Bado alikuwa shimoni lori la idara lilipofika, nusu saa kabla ya wakati, na dereva wake akapiga honi kabla hata hajasimama.

"Mita! Twende! Njia ni ndefu na mimi si wako peke yako!"

"Shimo halijafukiwa."

"Shimo? Wewe si wa hapa tena, bwana! Ukipita njia ya peponi utaomba usimame upime ukingo!"

Mita alilitazama shimo, akanitazama mimi. Kisha akanipa sepetu.

"Shindilia udongo kila unapofika unene wa kiganja kimoja," alisema. "Usiache bonde. Gurudumu likiingia bondeni gari linapinduka. Halafu pandikiza nyasi, hizi hapa, na mizizi yake."

"Nitafanya."

Sanduku na magunia yake yalipakiwa kambini. Lori lilirudi likasimama tena kwenye kona, kwa sababu aliliomba, na yeye na utingo wakaliinua jiwe na kuliweka nyuma. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Gurudumu lake la kupimia alilishika mkononi, akapanda mbele, akafunga mlango.

Mwanamke aliondoka kwenye kreti. Alikwenda mpaka nyuma ya lori, akalisukuma jiwe kwa mkono. Likaviringika kidogo.

"Lifungwe kamba," alisema kwa sauti. "Litamwangukia mtu."

Utingo alinitazama mimi, kwa maana kila mtu alikuwa amezoea. Mimi nilikuwa shimoni, nikashindilia. Mlango ukafunguka. Mita akashuka mwenyewe, akazunguka nyuma, akatoa kamba kwenye gunia, akalifunga jiwe kwenye pembe zote mbili, mafundo mawili kila upande. Dada yake alikuwa amesimama umbali wa mkono mmoja akiyajaribu mafundo kwa kuvuta. Yote yalishika.

Akapanda tena. Injini ikawaka.

"Wewe," mwanamke alisema, akitazama kioo cha pembeni, ambamo uso wa Mita ulikuwamo. "Na wewe funga mkanda."

Sikuona kama alimjibu. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona akigeuza bega, mkono wake ukivuka kifua. Lori likaingia kwenye lami, likaimaliza kona polepole, likaondoka.

Nilifukia mpaka saa tisa. Nilishindilia kila kiganja, nikapandikiza nyasi pamoja na mizizi yake, na zilionekana kama mgonjwa, lakini mvua ilikuwa karibu. Nilipomaliza nilivuka kwenda kibandani. Mwanamke alikuwa ameweka sahani mbili kwenye benchi la mwisho, ya pili imejaa kuliko yangu, ya chini ya sufuria. Alipotambua kuwa ameipakua ya Mita, aliisogelea.

"Mgeni," alisema, "mwambie..."

Akaichukua, akayarudisha maharage kwenye sufuria, akafunika.

Mimi nilikula peke yangu. Vipuri havikuwa vimefika.